Nusu ya Kichwa cha Mwalimu Bwire

Mama,

Shikamoo. Usiponiitikia nitajua umekasirika, na hilo halinitishi. Ulipokuwa hai ulinikasirikia kila siku na bado nilikula ugali wako.

Nakuandikia Jumapili mchana, nimekaa kwenye kiti cha wateja, umeme umekatika na mashine ya kunyolea imelala. Mwandiko ni uleule uliokuwa ukisema ni nyayo za kuku. Vumilia. Nilitoka kidato cha pili kabla hakijanitoa chenyewe, na tangu hapo kalamu nimeishika mara chache kuliko wembe. Ila wembe, Mama, naujua. Hakuna kichwa cha maana Igoma nzima ambacho sijakiinamisha. Hata mwenyekiti wa mtaa nikimwambia “inama” anainama.

Kuna ugomvi tuliuacha katikati. Ule wa chama chenu cha walimu. Ulipolazwa kwa presha niliuahirisha, nikijua utarudi tuumalizie jikoni. Hukurudi. Basi leo nasema mimi, na safari hii hutanikatiza.

Nikukumbushe, usije ukajifanya umesahau. Wewe ulikuwa mwakilishi wa chama pale shuleni. Mwalimu Bwire alikuwa mwalimu wa hesabu mwenye biashara ya dagaa, au niseme ukweli, mfanyabiashara wa dagaa mwenye kitabu cha hesabu. Asubuhi anasaini kitabu cha mahudhurio, anaandika maswali ubaoni, anawaambia watoto wayafanye kimya, halafu huyo, mwaloni, kwenye soko la dagaa ufukweni, kugombania magunia na akina mama. Tangu tuambiwe biashara ni huria, kila mwalimu akawa na kitu cha pembeni. Hata wewe uliuza barafu za ubuyu, usikatae. Lakini wewe uliuza wakati wa mapumziko. Bwire alikula vipindi.

Ofisi ya elimu ilipotaka kumfukuza, ukavaa kitenge chako cha chama, ukaenda kukaa mbele ya ofisa mpaka wakamwita Bwire ajieleze. Akajieleza, akaomba msamaha, akarudi kazini. Baada ya mwezi akarudi mwaloni. Nikakuuliza mbele ya mdogo wangu Leti, “Mama, hicho chama ni cha walimu au cha wavivu?” Ukasonga ugali bila kunitazama. “Simtetei Bwire, mimi. Natetea asikilizwe. Wenzangu walinikalia nyasi mimi, nitashindwaje kumkalia Bwire kiti?” Nikakwambia walimu mnalindana tu, kama mbwa wa mtaa mmoja. Ukanirushia mwiko. Ukanikosa, na mimi nikacheka, na Leti akacheka, na wewe ukaenda kuuokota mwiko ukiwa unaficha kicheko. Nilikuona.

Hizo nyasi sijazisahau, hata kama nilijifanya nimezisahau siku hiyo. Mlikuwa mmegoma ule mgomo baridi, mmekaa ofisini mnafuma vitambaa huku watoto wanacheza mpira mchana kutwa, kwa sababu mishahara ilikuwa inachoka njiani. Leti alikuja kushinda kibandani kwangu akifagia nywele za watu. Niliona mnawaonea watoto, na bado naona hivyo. Mtoto hakuwanyima mshahara. Lakini mgomo ulipoisha ikaja barua, kwamba wewe peke yako uhamie shule ya kisiwani huko mbali, ambako boti huenda ikijisikia. Haikusema kosa. Ilisema uondoke mara moja. Mimi nilishafunga godoro kwa kamba. Nilikuwa nakaza fundo nikiwaza tutamwacha nani na kuku, ndipo jirani akaja mbio kuniambia walimu wa shule zote za huku wamekwenda kukaa kwenye nyasi za ofisi ya elimu, wana chupa za chai na watoto mgongoni, na wamesema hawainuki mpaka barua ifutwe. Ikafutwa. Ulirudi jioni ukaniambia nifungue godoro. Nilikuwa nimelikaza sana hilo fundo, ikabidi nilikate kwa kisu. Sikulia. Ilikuwa vumbi la godoro.

Kwa hiyo sisemi chama chenu hakina faida. Nisiwe mwongo kwa marehemu. Hata siku ya kukurudisha kwenu Nansio kukuzika, wao ndio waliotoa jeneza, wakaja melini na vitenge vyao vya sare, wakaimba mpaka Ukerewe. Kiongozi wao wa kutoka mjini akatoa hotuba ndefu hadi nikadhani nawe utaamka uombe maji. Na aliyelia kuliko watu wote, kuliko hata Mama Mdogo, ni Bwire. Alishika koleo akakataa kumwachia mtu. Nikamwangalia nikasema moyoni, haya, labda huyu sasa atakaa darasani.

Akakaa wiki moja.

Sasa nikwambie mambo yalivyo. Nyumba ya shule tumeirudisha, tuna vyumba viwili hapa nyuma ya kibanda. Mimi ndiye napika, na Leti anasema ugali wangu unafaa kuzibia mtumbwi. Anasoma darasa la saba, darasa lako, na ulipoondoka hesabu zake akapewa Bwire. Jumatatu moja Leti akarudi na daftari lina maswali kumi ya sehemu. Jumanne, maswali yaleyale. Ijumaa nikamuuliza mbona ubao haufutwi. Akasema, “Kaka Deo, nani afute? Mwandikaji mwenyewe yuko mwaloni.” Akasema hivyo bila kulalamika, kama mtu anayekwambia mvua haijanyesha. Halafu usiku, eti amelala, nikamsikia anahesabu kwa sauti ndogo. Nafasi za sekondari unazijua, ni chache kama nyama kwenye mchuzi wa msiba. Na yule mtoto anaitaka nafasi yake. Mimi yangu niliichezea, sawa, ilikuwa yangu. Ya Leti haichezewi na mtu.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu. Akatazama pembeni. “Deo, mwanangu, nikimgusa Bwire chama kinakuja juu. Mama yako ndiye alitufundisha hivyo.” Umesikia? Uliwafundisha hivyo. Nikaenda kwa Mwalimu Kokugonza, aliyechukua nafasi yako ya uwakilishi. Akanikaribisha vizuri, akanipa chai, akasema yote yana utaratibu wake, wazazi walete malalamiko, yatajadiliwa kwenye tawi, tawi litapeleka wilayani. Nikamuuliza, “Mwalimu, na mtihani nao utangoja tawi?” Akasema nina mdomo kama wa mama yangu lakini sina adabu yake. Nikamwambia asante kwa la mdomo.

Nikatoka pale nimevimba. Na wewe ndiye niliyekuwa nakusema njia nzima, Mama, si Bwire. Nilikusema kwa sauti, watu wakanipisha.

Sasa sikia akili ya mwanao. Unajua Bwire anavyopenda kichwa chake. Kila Jumamosi, nywele chini kabisa, ukingo umenyooka, sharubu zimechongwa kama mstari wa rula. Ile ndiyo biashara yake yote. Mwaloni wanamkopesha magunia kwa sababu anaonekana mwalimu. Basi Jumapili moja nikawaita vinyozi wote wa barabara hii ya Musoma, tukakaa hapahapa. Nikawaambia: kuanzia leo, hakuna mashine inayogusa kichwa cha Bwire mpaka asimame mbele ya darasa la saba wiki nzima. Shija, yule mwenye kibanda cha bluu, akasema, “Akija na hela yake nimwambie nini?” Nikasema mwambie umeme umekatika. “Na kama unawaka?” Mwambie umekatika kichwani kwako. Wakacheka, wakakubali, tukapeana mikono. Hatukuapa wala nini. Lakini nilipobaki peke yangu nikiwa nafagia ndipo nikashtuka: we Deo, umeanzisha chama.

Usicheke.

Jumamosi Bwire akaja kwangu, nikamwambia umeme umekatika, huku redio inapiga. Akaenda kwa Shija. Akaenda kwa wengine. Akapanda gari mpaka Buhongwa, na kule mwenye kibanda ni shemeji yake Shija, habari ilishatangulia. Wiki ya pili nywele zikamshinda. Akajinyoa mwenyewe kwa wembe na kioo cha mkononi. Mama, ungekuwepo! Kichwa kikawa kama ramani ya Ukerewe, hapa kisiwa, pale maji. Watoto wakamwita Mwalimu Ramani. Akaanza kuvaa kofia. Lakini darasani hakurudi. Kiburi nacho anacho, na hapo nilimheshimu kidogo.

Halafu jambo likanitoka mkononi. Unajua majirani zetu Wasukuma wana kawaida yao: mtu akiwakosea wote, wanamtenga. Hasalimiwi, haazimwi moto, hachotewi maji, mpaka akubali kosa. Mimi nilisema nywele. Wazazi wakasikia kumtenga. Mama wa chai akamfunikia vikombe. Mwenye duka akamwambia sukari imekwisha huku anampimia mwingine. Nikaona tunashinda, nikawa natembea kifua mbele, watu wananiita Mwenyekiti. Mpaka asubuhi moja akaja mtoto wake wa kike, yule wa darasa la kwanza mwenye pengo, kasimama hapo mlangoni na ndoo tupu. Hakunisalimia. Akasema, “Wamenitoa kwenye foleni ya bomba. Wamesema niende nikaombe ruhusa kwa Deo.”

Nikaichukua ile ndoo. Nikaenda nayo bombani mimi mwenyewe, nikaiweka ya kwanza, nikawatukana wanawake wa watu, tena watu wazima, kiasi kwamba Mama Mdogo alipopata habari alinitumia salamu za matusi kutoka Nansio. Nikawaambia: tulisema kichwa cha Bwire, kichwa cha Bwire tu, nani amewapa ruhusa ya kumgusa mtoto? Mmoja akanijibu, “Si wewe uliyeanza?” Nikamjibu kwamba aliyeanza ndiye anayesema mwisho uko wapi. Nikabeba maji mpaka kwao, maana ndoo ilikuwa kubwa kuliko mtoto.

Bwire alikuwa uani kavaa kofia. Nikamwambia, “Mwalimu, njoo kibandani.” Akanifuata. Akakaa kwenye hiki kiti ninachokalia sasa, akavua kofia. Nikamwambia haya, sema. Akasema mengi. Mshahara wa mwezi wa tatu umekuja wa sita. Mkewe yuko kwao Majita anajiuguza. Dagaa ndio wanaolisha nyumba, chaki hailishi. Akasema anajua sehemu zote za hesabu duniani ila sehemu ya kupata unga. Halafu akanitazama kwenye kioo akasema, “Mama yako angeniuliza kwanza, ndipo angenihukumu.”

Hapo ndipo alinichoma, Mama, si mchezo. Lakini nikamjibu. Nikasema, “Mama yangu amekufa, Mwalimu. Nimebaki mimi, na mimi naanza kwa kunyima.”

Nikamwambia mchana ni wako, Jumamosi ni yako, dagaa ni wako. Asubuhi ni ya Leti na wenzake. Akasema, “Na nikikubali?” Nikawasha mashine. Nikamnyoa upande wa kulia, vizuri kabisa, ukingo umenyooka, hata sharubu nusu. Halafu nikazima. Akashika kichwa. “Deo! Na huku?” Nikamwambia huku ni Ijumaa, ukishafundisha wiki nzima.

Nilidhani atanipiga. Akacheka, Mama. Akacheka mpaka akatoa machozi, na mimi nikageuka nikapanga taulo ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Jumatatu akaingia darasani. Leti ndiye aliyenisimulia, ameshika mbavu. Watoto wanaziba midomo, mmoja amejificha chini ya dawati. Bwire akasimama mbele, akavua kofia mwenyewe, akageuka taratibu ili wote waone. Akauliza, “Hii ni sehemu gani ya kichwa?” Darasa zima likapiga kelele, “Nusu!” “Nikinyoa nusu ya nusu iliyobaki?” Halafu Leti akanyoosha mkono akasema robo. Akamwita mbele aoneshe robo ilipo, na mwanao wa kike, Mama, akamshika mwalimu wake kichwa kwa kidole. Wakaenda hivyo kipindi kizima. Wiki ile hakuna mtoto aliyekosa shule. Waliotoroka walirudi, kwa ajili ya kichwa tu, na wakaondoka na hesabu. Ijumaa alikuja, nikammalizia upande wa pili. Nikakataa hela yake. Akanilazimisha. Nikapokea, mimi si mjinga.

Tangu siku hiyo alifundisha. Si kila siku, nisikudanganye. Dagaa wakishuka bei anachelewa kuingia, na siku hizo nilikuwa natoka nje ya kibanda nasimama barabarani na mashine mkononi, basi. Mwalimu Kokugonza alikuja hapa kunigombeza kwamba nimemdhalilisha mwanachama wake. Nikamwambia aandike malalamiko, ayalete kwa njia yake, yatajadiliwa kwenye tawi la vinyozi. Akaondoka. Jumamosi akaleta wanawe wawili nikawanyoa. Na nasikia ameanza kuwabana walimu wake kwenye vikao, kwamba anayetaka kutetewa kwanza awe anaingia darasani. Hilo neno kaliokota wapi, simwambii mtu.

Sasa hukumu yangu juu ya ugomvi wetu, isikilize. Wewe ulimsikiliza Bwire ukamrudisha kazini bila sharti. Hapo ulikosea, na nalisema wazi, hata unirushie mwiko huko uliko. Ulimpa kiti, hukumwambia ainuke lini. Mimi nilimwekea sharti bila kumsikiliza, ikawa mtoto na ndoo tupu. Umenielewa? Kila mmoja wetu alikuwa na nusu. Mimi nusu yangu niliyoipata nimeing'ang'ania na siiachii, ila ya kwako nayo nimeichukua. Urithi wenyewe ulikuwa mdogo, acha nichukue hilo.

Na chama changu nacho kimeshanipa adhabu. Wiki mbili zilizopita Shija alimwambukiza mtoto wa watu mapunye kichwani, kwa uvivu wa kupaka spiriti kwenye mashine. Baba wa mtoto akaja na jamaa zake wanataka kukibomoa kibanda. Nikasimama mlangoni kwa Shija, mimi, na mikono nimeitanua kama kuku anayefunika vifaranga. Nikasema kwanza asikilizwe. Yule baba akatema mate chini, “Ninyi vinyozi mnalindana tu.” Mama, maneno yangu yaleyale, isipokuwa hakutaja mbwa! Nilitaka kumkumbatia na kumpiga kwa pamoja. Shija akasikilizwa. Kisha tukamfungia kazi mpaka alipomlipia mtoto dawa na kununua spiriti mbele yetu. Kibanda kimesimama. Ila siku hizi akinyoa, napita kunusa kama kuna spiriti.

Mtihani umefanyika wiki hii. Nilimnyoa Leti mwenyewe, kichwa kikang'aa, nikamsindikiza mpaka getini nikamwambia asinitie aibu mbele ya wateja. Bwire alikuwa amesimama pale na suruali iliyopigwa pasi, amewahi kuliko watoto. Leti alipotoka nilimkimbilia kama mjinga. Nikamuuliza hesabu zilikuwaje. Akaniangalia juu mpaka chini, akasema, “Rahisi. Hata wewe ungepata mbili tatu.” Halafu akaendelea kutembea mbele yangu, ana haraka, anaongea na wenzake jibu la swali gani ni lipi, wanabishana, na nikagundua kwamba katika yote waliyokuwa wanayabishania sielewi hata moja. Sikuwahi kufurahi hivyo kwa kutokuelewa.

Majibu hayajatoka. Labda jina lake litakuwemo, labda halitakuwemo. Nafasi ni zilezile. Ila hakuna atakayesema hakufundishwa.

Anataka kuwa mwalimu, Mama. Nimemwambia kuna kazi nyingi zenye mshahara unaofika. Hasikii. Ana mdomo wako na adabu yangu.

Basi lala. Udongo wa Nansio usikulemee, na kama huko kuna mkutano wowote, najua umeshachaguliwa. Ahadi yangu ni hii, na ishike: siku Leti akiwa mwalimu akaacha watoto wanahesabu peke yao, mimi ndiye nitakayekuwa wa kwanza kumnyima salamu, dada yangu au si dada yangu. Na siku watakapomwandikia barua ya kumwonea, wakija asubuhi kufungua ofisi ya elimu watanikuta nimelala mlangoni, na vinyozi wote wa Igoma nyuma yangu.

Mwanao asiyesikia,
Deo